Shajara ya atachi bunge la kaunti: maoni ya mwananchi yanaishia wapi

Aprili, kabla sijaripoti

Haya. Wenzangu wa mwaka wa pili wananiuliza kila saa kama atachi, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, ya mambo ya siasa inaingia kwa transkripti kweli ama ni kupoteza likizo bure, basi nimeona niweke shajara, kitu kikitokea naandika, ili siku ya ripoti nisianze kukuna kichwa.

Kwetu sisi wa sayansi ya siasa na utawala wa umma atachi ni yuniti kamili, ina namba yake na alama zake, usipoifanya huhitimu hata kama mitihani yote umepiga A. Na masharti ni yale yale ya wanaoenda kiwandani: barua ya utambulisho ya kampasi, bima ya ajali, barua ya kukubaliwa, logibuku (daftari la kazi za kila siku) isainiwe kila wiki, lekchara aje akukague, ripoti mwisho. Halafu watu wanachanganya atachi na intanshipu. Intanshipu ni ya aliyekwisha kumaliza chuo, kama ile ya Tume ya Utumishi wa Umma, hiyo ina posho kila mwezi. Atachi ni ya mwanafunzi, hulipwi, unalipwa yuniti, nauli ni yako na chai ni ya huruma ya ofisi.

Nafasi nilipata mbili. Ya kwanza ofisi ya MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, wa wadi ya nyumbani, ananijua, mama yangu na mkewe wako chama kimoja cha kuweka na kukopa. Ya pili idara ya kamati pale bunge la kaunti, sijui mtu hata mmoja. Kila mtu nyumbani alitaka niende kwa MCA, ati huko ndiko siasa yenyewe iliko. Ni kweli iko, lakini uchaguzi ni 10 Agosti 2027 na ofisi za wadi zishaanza kupata moto, nusu ya kazi ni mazishi, harusi, harambee na kusimamia grupu za WhatsApp, sasa logibuku utaandika nini pale kwenye "ujuzi uliopatikana"? Na wafanyakazi wa ofisi ya wadi ni watu wa MCA mwenyewe, leo yupo kesho kafukuzwa, nani atakusainia? Lekchara wa kitengo cha atachi aliniambia wazi, mwanangu, kampeni haina logibuku. Nikaenda bungeni. Kaunti siitaji, ni moja ya hizi zetu za Pwani ya Kenya, inatosha.

Mei, mwanzo

Nimewekwa kwa karani wa kamati ya bajeti, mama mmoja mtaratibu, kila mtu anamwita madam hata wabunge. Kazi za mwanzo ni zile zile unazozijua, kutoa kopi, kupanga viti, kupeleka barua na kupigwa macho na mlinzi wa getini kila asubuhi mpaka akakuzoea. Mwenzangu wa sheria anayefanya atachi chumba cha pili analalamika kwamba hafundishwi kitu. Mi nashukuru, manake hapa kopi unayoitoa ndiyo kitabu chenyewe cha makadirio ya bajeti, ukiwa na akili unaisoma ikiwa ya moto moto kwenye mashini.

Kwa wasiojua, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Serikali ya kaunti inatakiwa iwe imeshaleta makadirio bungeni kufikia 30 Aprili, kamati ya bajeti inayapitia, inakwenda kuchukua maoni ya wananchi wadi kwa wadi, inaandika ripoti, bunge linapitisha kabla Juni haijaisha. Katiba ya 2010 ibara ya 196 inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, na 201 inasema hivo hivo kwa mambo ya pesa. Si mapambo. Sheria ya fedha (ile ya kodi na ada) ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 ilifutwa na Mahakama Kuu 2014 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Ndio maana hapa madaftari ya mahudhurio yanafungiwa kwa kabati la chuma na funguo anakaa nazo madam peke yake, ukishtakiwa yale ndiyo ushahidi wako.

Hapo ndipo nikapata swali la ripoti yangu. Mahudhurio yanafungiwa kwa chuma, sawa, na maoni yenyewe je? Nataka kufuata maoni kutoka mdomo wa mtu mpaka mstari wa bajeti, nione yanafika ama yanaishia njiani. Nimemwandikia lekchara, amekubali, ila ati nipunguze, nichukue wadi chache na mambo matatu tu: maji, afya, barabara.

Hali ya mradi: swali lipo, jedwali la Excel limefunguliwa, halina kitu.

Mei, katikati

Vikao vya wadi vimeanza. Cha jana kilikuwa shule ya chekechea huko bara, viti vya watu wazima havikutosha, wazee wakakalia vile vidogo vya watoto magoti yakiwafika kifuani, na gari la bunge limechelewa kwa hivo watu wamekaa juani muda mrefu na wana hasira kabla hata ya dua. Kijana mmoja nyuma akaanza kwa kuuliza kama haya maoni yatasikizwa ama ni kama ya Nairobi, watu waliandika wee kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024 na haukuondolewa mpaka vijana walipoingia bungeni 25 Juni. Mwenyekiti wa kamati akajibu kwa upole hii ni kaunti si taifa. Vijana hawakucheka.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha daftari, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, asiyeandika anaweka kidole kwa wino, halafu kukaa pembeni ya madam niandike maoni. Akasimama mzee mmoja wa bakora, akasema Kigiriama, mzee wa mtaa anatafsiri. Kijijini kwake kuna zahanati, imejengwa, imepakwa rangi, mgeni rasmi akaja akakata utepe, na tangu siku hiyo imefungwa kufuli kwa sababu hakuna nesi. Mama mjamzito usiku anabebwa kwa bodaboda mpaka barabara kuu. Sitaki jengo jingine, akasema, jengo ninalo, nataka mtu wa kulifungua.

MCA akasema hilo tumelichukua mzee. Watu wakapiga makofi, mwingine akasimama, lakini yule mzee badala ya kukaa akaja mpaka mezani kwetu. "Umeandika, mwanangu?" Nikamwambia ndio baba. "Hebu nisomee." Nikamsomea, mzee wa mtaa akamgeuzia. Akatikisa kichwa. "Kufuli hukuandika." Nikaongeza neno kufuli mbele yake, akaridhika, akaenda kukaa kwenye kile kiti chake cha mtoto.

Kitu kingine nimekiona huko, na nakiandika kabla sijasahau: sehemu kubwa ya maoni si ya kaunti kabisa. Watu wanaomba kituo cha polisi, madarasa ya sekondari, vitambulisho, barabara kuu itiwe lami. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi, kaunti ni zahanati, chekechea, maji, masoko, kilimo, vyuo vya ufundi vya kijijini na barabara za kaunti, hayo mengine ni ya serikali kuu ama NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge. Mwananchi atajulia wapi, kwake serikali ni moja, na wala simlaumu. Kinachoniudhi ni kwamba MCA anajua na bado anasema tumelichukua.

Mei, mwisho

Hii ndiyo wiki niliyojifunza siasa, na sikutoka nje ya chumba.

Karatasi za maoni za wadi zote zimerudi zikiwa mirundo, nyingine zimelowa chai. Kamati haiwezi kusoma zote, inataka muhtasari, na wanaofanya muhtasari ni makarani na sisi wa atachi, tumezunguka meza moja na laptopu tatu na feni inayolia. Mtindo uliokuwepo ni kila wadi ipate nusu ukurasa. Maoni yanawekwa kwa mafungu, maji, afya, barabara, basari, mengineyo, kila fungu sentensi moja ama mbili.

Nikatafuta yule mzee wangu. Karatasi yake alipewa mwenzangu mwingine aifupishe, kijana mzuri tu, hana ubaya na mtu, akawa ameandika: "Wananchi waliomba huduma za afya ziboreshwe." Kufuli hakuna, nesi hakuna, na lile la sitaki jengo jingine ndio limepotea kabisa. Sasa fikiria mjumbe wa kamati anaisoma hiyo sentensi, anafungua makadirio upande wa afya, anakuta kuna ujenzi wa zahanati nyingine, anaona ah, ombi la wananchi limezingatiwa. Mzee kaomba nesi kapewa jengo, na kwa karatasi kila kitu kiko sawa sawa.

Na tofauti yake ni kubwa kipesa. Jengo ni pesa za maendeleo. Nesi ni mshahara, unatoka matumizi ya kawaida, anaajiriwa kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, na kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, kaunti nyingi zishavuka hapo zamani. Kwa hivo kujenga ni rahisi kuliko kufungua. Hiyo sentensi ya huduma ziboreshwe inamficha mtu asiulizwe swali gumu.

Nilimfuata madam, nikiwa na woga kidogo manake mi ni mtoto wa juzi pale. Nikamwomba tuongeze safu kwenye jedwali: ombi kwa maneno ya mwenyewe, ni kazi ya nani kikatiba, ni pesa za maendeleo ama za kawaida, kamati imeamua nini, na kwa nini. Akanisikiza akimalizia chai yake. Akasema hizo za mwanzo tatu sawa, za uamuzi na sababu hawezi kuziweka bila mwenyekiti kukubali, kwa sababu ukishaandika sababu mtu atakuja kukushika nayo. Ana haki ya kuogopa. Kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023 iligusa hapo hapo, Mahakama ya Rufaa 31 Julai 2024 iliifuta sheria na moja ya hoja ilikuwa Bunge halikuwaeleza wananchi kwa nini maoni yao yalikataliwa, halafu Mahakama ya Juu 29 Oktoba mwaka huo huo ikageuza, ikasema hakuna sheria inayolazimisha waziwazi kutoa sababu za maandishi. Kwa hivo bunge la kaunti likinyamaza, kisheria limo ndani ya mstari.

Hali ya mradi: safu tatu zimeingia kwa jedwali rasmi. Zile mbili zimo kwa jedwali langu la ripoti tu, nazijaza mwenyewe nikisikiza kamati.

Juni, mwanzo

Kamati imekaa siku nzima na maafisa wa fedha na nimeelewa kitu ambacho darasani kilikuwa mstari mmoja tu wa noti.

Kanuni zile zile za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, fungu la idara lisipande wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake, yaani kiwango cha juu ilichopangiwa idara. Moja! Na ukomo wenyewe umepangwa lini? Kwenye waraka wa mkakati wa fedha, unaoletwa bungeni kufikia 28 Februari. Na miradi yenyewe imechaguliwa wapi? Kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ule tunaouita ADP, unaoletwa bungeni kufikia 1 Septemba ya mwaka uliopita, ambao nao unachota kwa mpango wa miaka 5. Yaani yule mzee alipoketi kwenye kiti cha chekechea mwezi wa Mei pilau ilishapakuliwa, alikuwa anaulizwa kuhusu chumvi.

Na sasa ajabu. Nimeuliza kuhusu vikao vya ADP, nikaonyeshwa faili lake, ni jembamba. Vikao vichache, vimefanywa makao makuu ya kaunti ndogo, wazee wa huko bara hata nauli ya kufika hawana. Mwezi ambao maoni yangeweza kuhamisha mradi watu hawaji, mwezi ambao hayawezi kuhamisha kitu turubai na soda zipo. Sisemi kuna mtu kapanga iwe hivo, pesa za vikao zinatengwa zaidi kwa bajeti kwa sababu bajeti ndiyo inayopelekwa mahakamani. Lakini matokeo ni hayo hayo.

Juni, lekchara amekuja

Amekuja bila kupiga simu, kama kawaida yao. Kamkuta madam, wameongea mlango umefungwa, mi nje nasoma tangazo la kazi lililopitwa na tarehe. Halafu akaniita, logibuku mkononi.

Swali lake la kwanza: hii kazi ni ya karani ama ya mwanafunzi wa siasa? Manake logibuku yako imejaa nimetoa kopi, nimehudhuria kikao, nimeandika muhtasari. Nikamfungulia jedwali. Akanyamaza, akavuta kiti. Akaangalia safu ya mwisho ambapo nimeweka alama ya ndio kila ombi lililokutana na mstari wa bajeti, akasema hapa kuna tatizo, ombi kufanana na mradi si kusema ombi ndilo lililoleta mradi. Huo mradi haukuwamo kwenye kitabu cha Aprili kabla hujaenda wadini?

Basi nimeongeza safu nyingine, lilikuwamo tayari Aprili, ndio ama la, nikarudi kwenye kitabu mstari kwa mstari usiku nyumbani stima ikipotea na kurudi. Zile "ndio" zangu nyingi zimekufa hapo hapo. Watu waliomba vitu vilivyokuwa vimeshaandikwa, kamati ikaripoti kwamba imewasikiza. Zilizobaki ni chache sana, na nzuri kuliko zote ni kisima cha wadi moja ya bara kilichokuwa na tenki bila pampu, akina mama wa kikundi walikuja na picha kwenye simu na risiti za maji wanayonunua kwa mkokoteni, wakaomba pampu, wakataja na bei. Kamati ikatoa pesa kwenye semina na safari za idara hiyo hiyo ya maji ikaweka kwenye pampu. Fungu la idara halikupanda hata shilingi, ile asilimia 1 haikuguswa.

Nimekaa nikilinganisha wale akina mama na yule mzee. Mzee alisema kweli tupu na kwa uchungu, lakini ombi lake linahitaji mtu aajiriwe, haliwezi kutoka kwa semina ya mtu. Akina mama waliomba kitu kidogo, chenye bei, ndani ya idara moja, na kilichofupishwa hakikuweza kuharibika kwa sababu pampu ni pampu. Hii ndiyo sura ya nne ya ripoti yangu na sitaki mtu anipunguzie hata neno.

Kuhusu logibuku, lekchara kaniambia niache kuandika nimefanya nini nianze kuandika nimeona nini kikiamuliwa. Wenzangu, shikeni hilo. "Nimehudhuria kamati" haikupi alama. "Nimeona kamati ikihamisha pesa za semina kwenda pampu, na sababu iliyotolewa ni hii" inakupa.

Juni, mwisho

Siku ya kupitisha ripoti. Kengele imelia, inalia mpaka akidi ya thuluthi moja ya wabunge itimie, wengine wako kantini wanamalizia mahamri. Spika kaingia, rungu limewekwa, mjadala ukawa mfupi kuliko nilivyotarajia, kila mmoja anasimama kushukuru barabara ya kwake. Mbunge mmoja tu alisoma kiambatisho chetu kwa sauti, kile chenye maneno ya watu wenyewe, akauliza waziri wa afya wa kaunti ataifungua lini ile zahanati. Ameahidiwa jibu la maandishi. Iko kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya bunge, nimenakili ukurasa.

Mswada wa matumizi ukapita. Madam akazima feni akaenda nyumbani mapema, nadhani mara yake ya kwanza tangu nifike.

Julai

Ripoti nimemaliza, nimepunguza kurasa kwa sababu idara ina kikomo, picha nimetoa zote zinazoonyesha sura za watu na nambari za vitambulisho. Fomu ya tathmini madam kaijaza, muhuri umepigwa, bahasha imefungwa kwa gundi sikuiona ndani. Lile jibu la maandishi la zahanati halijaletwa, nimeliandika hivo hivo kwenye ripoti.

Mwenyekiti kakubali safu ya uamuzi iwekwe kwenye fomu ya vikao vya ADP. Ile ya sababu kaikataa, ati tujaribu kwanza hiyo moja. Na vikao viwili vimehamishwa kutoka makao makuu kwenda wadi za bara, nauli ya gari ipo, turubai hakuna. Nimekabidhi jedwali lote kwa mwenzangu wa mwaka wa pili aliyechukua nafasi yangu, na nimemwonyesha jinsi ya kulinganisha na kitabu cha Aprili. Wale akina mama wa pampu nimewapigia mwenyekiti wao, nikamwambia ADP ni mwezi ujao na vikao viko wapi. Kaniuliza waje na risiti tena? Nikamwambia waje nazo, na bei.

Alama zitatoka pamoja na za muhula wa kwanza. Fomu mpya zishachapwa, mwenzangu anaripoti Jumatatu.